Tundu Lenye Pindo

Mke wa kaka yangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini kwetu hakuna anayelitumia. Sisi tunamwita Bi Itakuwaje. Jina hilo nilimpa mimi mwenyewe, siku chache baada ya kuolewa, na likamkaa kama kiatu cha kupimwa. Ukimwambia unakwenda sokoni, atakuuliza itakuwaje mvua ikinyesha. Ukimwambia basi huendi, atakuuliza itakuwaje wageni wakija. Akifunga mlango hurudi kuusukuma. Akizima jiko hurudi kulitazama, na hata akiliona limezimika hatulii hadi jioni.

Mimi ni wifi yake, na wifi kazi yake inajulikana. Nilimtania mpaka watu wa mtaani wakajifunza. Akipita, fundi baiskeli wa kona humpigia kelele, "Bi Itakuwaje, leo jua litatoka?" Naye hucheka kidogo kwa adabu, kisha bila kupenda hutazama juu.

Kazi yake ni ngozi. Alilelewa na mjomba wake, fundi viatu, ambaye alimweka chini ya meza ya kazi tangu mdogo amwokotee misumari iliyodondoka. Huko chini alijifunza kazi yote, na alipotoka alikuwa anamshinda mjomba mwenyewe. Alipoolewa alikuja na sanduku moja la nguo na mawili ya vyombo: visu vilivyonolewa mpaka vikabaki vyembamba kama majani, misharasi ya kutobolea, bonge la nta, nyuzi za katani, na kalibu za mbao za kuvalishia viatu. Mama yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hakumwona. Nasema hivyo kwa sababu mara nyingi nimefikiri wangepatana. Mama alikuwa fundi cherehani, naye pia alikuwa na roho nyepesi. Hakuweza kuona sufuria imefunikwa bila kuinua kifuniko mvuke utoke.

Wifi yangu anashona kwenye kibaraza chetu, mimi nafulia watu nguo uani, kaka yangu ni mhunzi kwenye karakana iliyo mwisho wa mtaa, na Baba hukaa kwenye kiti chake ukutani akisikiliza redio. Karakana ilikuwa yake kabla ya kuwa ya kaka. Baba ana sikio moja tu, la kulia. La kushoto lilikufa tukiwa watoto, na alituambia ndiyo malipo ya nyundo, chuma kikigongwa miaka na miaka sikio huchoka. Ndiyo maana nyumbani kwetu wakati wa kula watu wote tunabanana upande mmoja wa meza.

Kaka aliporithi karakana aliingiza feni ya umeme ya kupulizia moto. Ule mvukuto wa zamani, uliokuwa wa babu yetu kabla ya kuwa wa Baba, ukabururwa hadi stoo ukawekewa magunia juu. Siku hiyo Baba alivua aproni yake ya ngozi, akaitundika, akaja nyumbani akaketi kwenye kiti kile, na tangu hapo hakukanyaga tena karakana. Akiulizwa kwa nini, hugeuza sikio la kushoto.

Basi mwaka huu feni ikaungua. Umeme wa mtaa wetu huja na kuondoka unavyotaka, na siku moja ulirudi kwa hasira, feni ikatoa moshi na kunyamaza. Fundi umeme aliyeifungua mota alitikisa kichwa. Kaka alikuwa na malango ya shule ya kumaliza, vyuma vimeshakatwa, na bila upepo mhunzi ni mtu mwenye nyundo tu. Alizunguka uani siku nzima mikono kiunoni. Jioni akasimama mbele ya mkewe.

"Mke wangu," akasema, "ule mvukuto wa stoo, ukiutazama, unaweza kuufufua?"

"Kuutazama naweza," wifi akasema. "Kufufua sijui. Itakuwaje ubao ukiwa umeliwa?"

"Utazame kwanza, ndipo uanze kuogopa."

Wakauleta uani. Sikuwa nimeuona tangu utotoni na nilidhani nitaukuta mdogo, kama vitu vyote vya utotoni, lakini ulikuwa mkubwa vile vile. Mbao mbili pana, zimechongwa umbo la tone la maji. Kati yake ngozi iliyokunjamana, nyuma mpini mrefu, mbele mdomo wa chuma unaoingia kwenye bomba la jiko. Ukivuta mpini, tumbo linajaa hewa. Ukibana, hewa yote inakimbilia motoni. Sasa ngozi ilikuwa nyeusi kwa masizi na mafuta ya miaka, ngumu kama gome, imepasuka kila palipokuwa na mkunjo.

Baba aliusikia ukiburuzwa. Kaka akamwendea kwa upande wa kulia, akachuchumaa, akamwambia kwa heshima kwamba wanataka kuutengeneza, na je, kuna jambo la kuzingatia?

"Mlipoutupa stoo mliniuliza?" Baba akajibu. "Basi na sasa msiniulize." Akaongeza sauti ya redio.

Wifi yangu akaanza. Aling'oa misumari mmoja mmoja kwa koleo dogo, asiichane ngozi, kwa sababu alitaka kuitoa nzima aitumie kuwa kigezo cha kukatia mpya. Aliosha mbao, akazipaka mafuta. Alibadilisha kilango cha ndani, kile kipande cha ngozi kinachoruhusu hewa iingie na kuizuia isitoke kinyumenyume. Na kila hatua ilikuwa na maswali yake. Ngozi hii ya ng'ombe si nzito mno? Nta ikiyeyuka karibu na moto itakuwaje? Huu mshono wa nyuma, mbona mbaya hivi, wakati mingine yote imeshonwa na fundi? Na kweli ulikuwa mbaya. Ulionekana umeshonwa na mtu aliyeshika sindano kwa mara ya kwanza, tena akiwa na hasira.

Kaka alijibu ya kwanza, akajibu ya pili, kisha akawa anajibu "sijui" kwa sauti inayozidi kuwa fupi. Kaka yangu ni mtu mwema, lakini subira yake ni ya mhunzi: akiona kitu hakijainama, anagonga.

Subira hiyo ilivunjika siku ya tundu. Wifi alikuwa ameitandaza ngozi kuukuu juu ya meza, anapima. Karibu na upande wa mdomo wa chuma, juu, palikuwa na tundu la kuingiza kidole cha mwisho.

"Hili ni la nini?" akauliza.

"Panya," kaka akasema.

"Panya huanzia ukingoni. Hili liko katikati."

"Basi ni cheche."

"Cheche ikitoboa ngozi, kingo zinajikunja. Hili ni la duara. Itakuwaje kama..."

"Mke wangu!" Kaka alipiga meza, misumari ikaruka. "Itakuwaje, itakuwaje! Watu wananisubiri, nawe unafanya upelelezi wa tundu! Ziba. Shona. Usiniulize swali jingine mpaka moto uwake. Niahidi."

Mimi nilikuwa naanika mashuka. Nikaona niongeze langu, maana mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli. "Mwache kaka," nikasema, "kwa mwoga huenda kicheko." Tukacheka sisi wawili, kaka na mimi. Methali hiyo ina nusu ya pili, lakini hakuna aliyeitaja.

"Nimeahidi," wifi akasema, akachukua chaki akaendelea kupima.

Na kweli hakuuliza tena. Ungedhani tumepata amani, lakini ilikuwa afadhali aulize. Mtu aliyezoea kuutoa wasiwasi kwa mdomo, ukimziba mdomo, wasiwasi hauendi popote. Alikuwa akishona, anasimama na uzi hewani, midomo inafunguka kidogo, kisha anaifunga na kuendelea. Chakula akakigusagusa tu. Nikimsemesha anaitika "labeka" kana kwamba nimemwita kutoka mbali. Nilitamani hata aniulize kuhusu mvua.

Kazi ilikuwa nzuri, hilo lazima niseme. Ngozi mpya aliilainisha kwa mafuta na nta mpaka ikakunjika bila kelele. Alishona mishono miwili sambamba, akapiga misumari ya vichwa vipana kila upana wa kidole gumba. Alipomaliza, akamwomba kaka abane mvukuto taratibu huku mdomo umezibwa, naye akapitisha shavu lake kwenye kila mshono, kuanzia mbele hadi nyuma, akitafuta upepo unaovuja. Hakuupata.

"Hauvuji?" nikamuuliza.

"Hauvuji popote."

"Sasa mbona uso umeukunja hivyo? Hata pumzi ya mbu haitoki humo."

Alikuwa anafuta mikono kwenye aproni, anafuta na kufuta. "Wifi," akasema polepole, "nimeziba kitu."

"Umeziba tundu la panya."

"Ndiyo," akasema. "La panya."

Ile ngozi kuukuu hakuitupa. Fundi wa ngozi hatupi ngozi; alisema sehemu za kati bado nzima, zikilainika zitafaa kwa soli za ndani. Akailoweka kwenye maji ya sabuni. Ikalowekwa wapi? Kwenye beseni langu kubwa la kufulia. Nikalalamika siku ya kwanza, nikalalamika siku ya pili, na maji yakazidi kuwa meusi.

Asubuhi ya kuwasha moto, kaka aliondoka mapema huku anapiga mluzi. Haukupita muda tukausikia. Sauti ile niliijua kabla sijafikiri: pumzi ndefu, kimya, pumzi ndefu, kisha nyundo. Baba akapunguza redio. Kidole chake kikaanza kugonga goti, na kilikuwa kinakwenda na mvukuto.

Wifi alikuwa amesimama kwenye kibaraza na kiatu cha mtu mkononi. Kila mvukuto uliponyamaza aliinua kichwa. Uliporudi, alikiinamisha. Asubuhi nzima alishona soli moja.

Mchana kaka akaja kula, uso mweusi kwa masizi na meno yote nje. "Mke wangu, Mungu akupe maisha marefu," akasema hata kabla ya kunawa. "Upepo wa feni ni mchezo wa watoto. Ule hauachii hata chembe. Chuma kinageuka cheupe unakitazama!" Alikula kwa pupa, akasimulia huku anatafuna. "Na moto sijauzima. Nimeulaza chini ya makaa mabichi ya mawe, nimeyanyunyizia maji. Nikirudi navuta mpini mara mbili tu, unaamka wenyewe."

Mkewe alimtazama. Nikaona midomo ikifunguka.

"Sema," kaka akamtania. "Itakuwaje?"

"Uliniambia nisiulize mpaka moto uwake."

"Si umewaka!"

"Sina swali," akasema. Alikuwa nalo ila hakujua ni lipi, na mtu hawezi kuuliza swali asilolijua. Kaka akajinyoosha kidogo mkekani, akanywa maji, akaondoka, ila kwanza apitie shuleni kupima malango. Simu yake aliiacha ukutani inachajiwa, kama kawaida yake, maana anasema karakanani simu huingiliwa na vumbi la chuma.

Nami nikaenda kudai beseni langu. Nilikuwa na shuka za watu zinanisubiri, na uvumilivu ulikuwa umefika mwisho. Nikaitoa ile ngozi majini, nzito, inateleza. Nikaona nikimpa hivi hivi atanichafulia kibaraza, kwa hiyo nikaitandaza sakafuni nikaanza kuisugua kwa brashi. Kufua ndiyo kazi yangu. Nikishika brashi siwezi kuacha nusu. Masizi yakatoka, ngozi ikaanza kuonyesha rangi yake ya kahawia. Nikafika kwenye lile tundu.

Nikaacha kusugua.

Tundu lilikuwa limeshonwa pembeni. Pande zote, duara zima, uzi umezungushwa kwenye ukingo kama tundu la kifungo, mshono mdogomdogo uliobanana. Masizi na mafuta vilikuwa vimeufunika miaka yote hiyo. Na kila pigo la uzi lilikuwa limelalia kushoto.

Nimevaa nguo zenye matundu ya vifungo ya namna hiyo utoto wangu wote. Mama alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Mafundi wenzake walimcheka kwamba vifungo vyake vinalala upande mbaya wa kitanda. Nilijua mkono ule kama ninavyojua sauti yake.

"Wifi!" nikaita. "Wifi, njoo!"

Alikuja na kisu mkononi, akidhani nimejikata. Nikamwonyesha. Akapiga magoti kwenye maji ya sabuni, akapitisha kidole kwenye ule mduara. Alikipitisha mara moja tu.

"Huu ni mshono wa Mama," nikasema. "Mama alishona hapa."

"Mtu hapigi pindo tundu asilolitaka," wifi akasema. "Anapiga pindo ili lisichanike. Ili libaki." Rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Alilitoboa kusudi. Nami nimeliziba."

Akainuka na ile ngozi ikichuruzika maji, akaenda moja kwa moja kwa Baba, akasimama upande wake wa kulia, akazima redio. Hakuna mtu anayezima redio ya Baba.

"Baba, nisamehe," akasema. "Ulisema tusikuulize. Mimi nauliza. Hili tundu lina kazi gani?"

Baba aliitazama ngozi. Akaishika kwa mikono miwili, akalitafuta tundu kwa kidole gumba bila kulitazama, akalipata.

"Ule mpya unalo?"

"Hauna."

"Moto wake uko vipi? Unawaka au ameulaza?"

"Ameulaza. Kwa makaa mabichi. Sasa hivi atakuwa amerudi kuuamsha."

Baba alijaribu kusimama haraka, miguu ikamkatalia, akakamata ukuta. "Kimbieni," akasema. "Asiguse mpini. Kimbia, mwanangu, asiguse mpini!"

Hakueleza, na wifi hakungoja aeleze. Alikuwa ameshatoka langoni. Mimi nilifuata na mwili wangu huu, kanga inafunguka, viatu vya plastiki vinapiga lami. Karakana haiko mbali. Siku za kawaida naona hata uvivu kusema ni safari. Siku ile mtaa ulikuwa umerefuka. Fundi baiskeli akainuka akicheka, "Bi Itakuwaje! Leo kuna nini?" kisha akaona kile kisu na akaketi. Ndala moja ya wifi ilibaki njiani, nami nikairuka. Nilikuwa natega sikio mbele. Nilikuwa nasubiri ile pumzi ndefu, na sikujua itafuatwa na nini. Kaka yangu ni mmoja tu. Sina mwingine.

Tulipofika mlangoni, kaka alikuwa amesimama kando ya jiko, amejifunga aproni ya Baba kiunoni, mkono wake wa kulia juu ya mpini. Makaa mabichi yalikuwa yanatoa moshi wa njano. Alituona, mkewe ana kisu na mguu mmoja peku, mimi nahema, akaanza kutabasamu.

"Enhe," akasema, "itakuwaje leo?" Na mkono ukaanza kushuka.

Wifi hakuuliza kitu. Alimsukuma kwa bega, akauweka mwili wake kati ya mumewe na mpini, akachoma kisu kwenye ngozi mpya, juu, karibu na mdomo wa chuma, akakivuta. Ile kazi yake safi isiyovuja popote ikafunguka urefu wa kidole.

"Una wazimu?" kaka akapiga kelele. "Mwanamke wewe, una..."

Akanyamaza. Mvukuto ulikuwa unashusha pumzi wenyewe, taratibu, kupitia lile pengo. Na pumzi iliyotoka haikuwa ya hewa. Ilinuka makaa. Harufu ile nzito ya makaa mabichi ya mawe, inayotakiwa kupanda kwenye bomba la moshi, ilikuwa inatoka ndani ya tumbo la mvukuto, mahali ambapo haina biashara.

Kaka ni mhunzi. Hakuhitaji kuelezwa. Aliondoa mkono kwenye mpini kidole kimoja kimoja, kama mtu anayemwacha mbwa mkali. Kisha akauvuta mvukuto nyuma, mdomo ukachomoka kwenye bomba, akausukuma hadi ukuta wa mbali, akabaki ameuegemea. Mimi nilikaa chini palepale, kwenye vumbi la chuma, nikalia bila aibu.

Baba alifika baadaye kidogo, ameshika kuta za watu njia nzima, ile ngozi mbichi begani imemlowesha shati. Alisimama kizingitini. Tangu siku ya feni hakuwa amevuka kizingiti kile. Akanusa, akamtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akaingia na kuketi juu ya gogo lililokuwa kando ya fuawe, kile chuma cha kugongea.

"Makaa mabichi yakilala juu ya moto yanatoa gesi," akasema. "Mvukuto ukisimama, gesi inarudi nyuma kupitia bomba, inaingia tumboni. Ukivuta unaichanganya na hewa. Ukibana unaipeleka motoni, na moto unaifuata hadi ndani. Tundu lile juu linaitoa. Linakula upepo kidogo, lakini linaitoa."

"Baba, hukuniambia," kaka akasema.

"Sikukuambia," Baba akasema.

Wifi alikuwa ameketi sakafuni mbele ya mvukuto. Alikuwa ameshatoa sindano kwenye mfuko wa aproni, na uzi, na kipande cha nta. Alilizungusha lile pengo kwa ncha ya kisu mpaka likawa duara, akaanza kupiga pindo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Baba akasogeza gogo karibu yake, akaketi huku amempa sikio zima.

"Mama yao ndiye aliyelitoboa," akamwambia, kana kwamba sisi hatupo. "Siku moja nilirudi nyumbani nimeungua nyusi. Moto ulinirukia kidogo, nikaona ni kawaida. Yeye akaniuliza na kuniuliza, moto ulirukaje, ulitokea wapi, ulikuwa umesimama kwa muda gani. Nikachoka, nikamfukuza. Kesho yake sipo, akaja hapa na kisu chake. Akasema kitu kikijaa ndani na hakina pa kutokea, kitatokea popote. Aliyajua hayo kwa sufuria! Nilimgombeza mbele ya wateja. Nikamwambia mwoga wewe, umenimalizia upepo."

Uzi wa wifi ulikuwa unaingia na kutoka.

"Nikaliziba," Baba akasema. "Kwa kitambaa na lami, yeye hajui. Na mchana ule ule nilipotoka kula, nikavuta mpini." Akagusa sikio lake la kushoto. "Ulipasukia nyuma. Ule mshono mbaya ulioukuta ni wangu, nilishona mwenyewe ili asione. Nikatoa kitambaa. Nikamwambia sikio ni nyundo."

Kaka alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilikuwa nafikiria ile meza yetu, watu wote upande mmoja, na Mama akituhimiza, semeni kwa nguvu, baba yenu kachoshwa na nyundo.

"Sikulifunga tena maisha yangu yote," Baba akasema. "Na sikuacha kumwita mwoga. Watoto wakiwa shuleni, watu wanakuja, nawaonyesha tundu, nawaambia tazameni woga wa mke wangu, wanacheka. Naye anacheka nao. Ilikuwa neno moja tu la kumwambia. Nilikuwa nasema kesho, nasema kesho. Alikufa hajui kama alikuwa sahihi." Akapangusa uso kwa ile ngozi yenye maji. "Wewe ujue, mwanangu. Ulikuwa sahihi tangu siku ile ya meza. Nilisikia. Sikio la kulia ni zima."

Wifi yangu hakuinua kichwa. Machozi yalikuwa yanadondokea ngozi mpya na aliyafuta haraka kwa kiganja, maana maji ya chumvi huharibu ngozi. Akapiga mapigo ya mwisho, yote yamelalia kulia, akakata uzi kwa meno. Kisha akaingiza kidole cha mwisho kwenye tundu, akakizungusha, na uso ukaanza kukunjamana.

"Baba," akasema, "naona limekuwa kubwa kidogo kuliko la Mama. Itakuwaje upepo ukipotea mwingi?"

"Acha upotee," Baba akasema.